Biashara Kuitegemea Excel: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Uganda

Maswali haya hurudi kila mwisho wa mwezi. Yanatoka kwa wenye maduka ya jumla Kikuubo, makarani wa SACCO, wanunuzi wa kahawa Masaka na Mbale, na wahasibu wa mashirika madogo Gulu na Arua. Nimeanza na ya msingi na kumalizia na yale ya pembeni. Kama una shida moja tu, ruka uisome hiyo. Jambo likiwa limeelezwa kwingine nimeelekeza. Nasema "Excel" kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye laptopu nyingi, lakini karibu yote yanaihusu pia Google Sheets na LibreOffice Calc.

## Ya msingi

1. Kwani Excel ina ubaya gani? Biashara yangu yote imo humo na inakwenda.

Excel si mbaya. Kwa kupiga hesabu ya bei, kulinganisha wauzaji watatu, au kujua mkopo wa milioni 20 utakula kiasi gani kwa mwezi, sijui chombo kinachoishinda. Shida huanza pale faili lililotengenezwa jioni moja kujibu swali moja linapogeuka kuwa ndilo daftari la madeni, ndiyo stoo, ndiyo orodha ya mishahara, na hakuna aliyekaa kuamua kwamba iwe hivyo.

Kaunta buku ilikuwa na tabia ambayo wengi hawakuithamini mpaka walipoiacha: ukikata kosa kwa kalamu, mkato unabaki. Mwenye duka akifungua ukurasa anaona kwamba 850,000 ilikuwa 350,000 na kuna mtu ameigusa. Kwenye faili la Excel lililo ndani ya laptopu, namba mpya inaikalia ya zamani, mtu anahifadhi, kwisha. Kosa la bahati mbaya na lile la makusudi yanaacha alama ileile, yaani hakuna. Sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini chanzo chake ni hicho.

2. Nitajuaje kama faili langu ni la kazi nyeti?

Jiulize: namba moja humo ikiwa na kosa leo, nani atagundua, na lini? Kama mteja atakupigia simu mchana huohuo, hatari ni ndogo. Kama atakayegundua ni mkaguzi mwakani, au hakuna kabisa, basi faili hilo ni nyeti hata likiwa na mistari ishirini.

Dalili nyingine: pesa hutoka kwa sababu faili limesema zitoke, salio la mwezi huu hutegemea la mwezi uliopita, na mtu mmoja tu ndiye anayelielewa. Likiwa na zote tatu, anza na swali la 21.

3. Tumelitumia miaka mingi bila tatizo. Mbona nihangaike sasa?

Huenda kweli hakuna tatizo. Huenda lipo, ila halijajionyesha. Raymond Panko wa Chuo Kikuu cha Hawaii amekusanya kwa miaka mingi tafiti za majedwali yaliyokaguliwa seli kwa seli, na picha haibadiliki: majedwali makubwa karibu yote yana makosa, na walioyatengeneza walikuwa na imani nayo. Binadamu akiandika fomula hukosea mara chache kwa mia. Kwenye faili la fomula elfu mbili, hizo chache zinatosha kuvuruga jumla ya mwisho.

4. Haya si matatizo ya watu wadogo wasio na mhasibu?

Wakubwa hukosea kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2012 benki ya JPMorgan ilipoteza takriban dola bilioni 6.2 kupitia ofisi yake ya London. Excel haikuwa sababu pekee, ila ripoti ya benki yenyewe ilionyesha kwamba hesabu ya kupima hatari ilipita kwenye mlolongo wa mafaili ambamo namba zilinakiliwa kwa mkono kutoka moja kwenda jingine. Tena fomula moja iligawanya kwa jumla ya viwango viwili badala ya kwa wastani wake, na hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilipata hasara ya dola milioni 24 kwa sababu ya kunakili na kubandika vibaya: bei zikahama mistari kwenye zabuni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Uingereza, kwa sababu hakuna aliyeandika namba isiyo sahihi. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa Corona hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la aina ya zamani ya Excel, lile linaloishia na .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili likajaa. Yaliyozidi yakaachwa nje, na kazi ikaendelea kana kwamba yote yameingia.

Aina ya sasa, .xlsx, inafika mistari 1,048,576. Ukiwa na mafaili ya zamani ya .xls yanayopokea data kila siku, yahamishe leo.

## Namba zinazogeuka

5. Sifuri ya mwanzo ya namba za simu imeenda wapi?

Excel inaona 0772 na kuendelea, inadhani ni kiasi, na kiasi hakianzi na sifuri, basi inaitupa. Ukiandika kwa kuanzia na 256, namba ya tarakimu 12 inaweza kuonekana kama 2.56772E+11. Hapo bado imo ndani salama, lakini ukihifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu, ili upandishe kwenye mfumo wa kulipa watu wengi kwa mobile money, kinachohifadhiwa ni hicho kinachoonekana. Tarakimu za mwisho zimekwenda.

Namba zinazozidi tarakimu 15 ni hatari zaidi. Excel hushika tarakimu 15 tu na kuzigeuza zinazofuata kuwa sifuri, bila onyo. Namba ya kadi ya benki ina 16. Dawa ni moja: kabla hujaandika chochote, chagua safu nzima na uipe muundo wa maandishi, Text kwenye menyu. Ukifanya hivyo baada ya kuandika, zilizopotea hazirudi.

6. Nimeandika 1,500,000/= lakini jumla haiichukui. Kwa nini?

Kwa sababu ya ule mkwaju na alama ya sawasawa. Sisi tumezoea kufunga kiasi kwa /= ili mtu asiongeze sifuri, na kwenye hundi ni busara. Kwenye Excel, seli yenye /= ni maneno, na fomula ya SUM huyaruka maneno kimyakimya. Vivyo hivyo "Ugx" iliyoandikwa kwa mkono mbele ya namba, herufi O badala ya sifuri, na nafasi tupu inayoingia ukinakili taarifa ya mobile money kutoka kwenye PDF.

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi Uganda, na hatari yake ni kwamba jumla hutoka ndogo kidogo tu, haitoki sifuri, hivyo haishtui. Muuzaji wa jumla mwenye wadaiwa 60 akiwa na seli tatu za /= atadhani anadai pungufu ya anachodai.

Kuna njia mbili za kuzikamata. Ya kwanza, kama hujagusa mpangilio wa safu, namba hukaa upande wa kulia wa seli na maneno upande wa kushoto. Ya pili, andika COUNT na COUNTA kwa safu ileile. COUNT inahesabu namba, COUNTA inahesabu chochote kilichoandikwa. Zikitofautiana, tofauti ndiyo idadi ya seli ambazo jumla haizioni. Alama ya shilingi iweke kwa muundo wa seli, usiiandike kwa mkono.

Wanaofanya biashara na Bunia au Goma wana shida ya ziada: laptopu iliyowekwa kwa Kifaransa hutumia koma mahali sisi tunapotumia nukta. Kubalianeni mapema.

7. Tarehe zangu zimechanganyika. Mkopo wa Aprili unaonekana wa Machi.

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa huja na mpangilio wa Marekani, unaoanza na mwezi. Ukiandika 03/04/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, inasoma tarehe 4 Machi. Ukiandika 25/04/2025, haina mwezi wa 25, basi inaiacha kama maneno. Hivyo safu moja inabeba tarehe zilizogeuzwa na zisizo tarehe kabisa, na hesabu ya siku za kuchelewa haiaminiki.

Badilisha mpangilio wa eneo kwenye Windows uwe wa nchi inayoanza na siku, kwenye kila kompyuta inayoligusa faili hilo. Au andika jina la mwezi: 3-Apr-2025. Hata wanasayansi wamesalimu amri hapa: mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni ilitangaza kubadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1 kwa sababu Excel iliendelea kuyageuza kuwa tarehe.

8. Mbona naona ######?

Safu ni nyembamba. Shilingi yetu ina tarakimu nyingi. Ivute, hakuna kilichopotea.

9. Nilipanga majina ya wanachama kwa alfabeti, sasa salio si la wenyewe. Nifanyeje?

Kama faili bado liko wazi, bonyeza Ctrl na Z sasa hivi, kabla ya kitu kingine. Kama lilishafungwa, kimbilia nakala ya jana (swali la 18). Kwa kulitazama faili lenyewe, hakuna njia ya kujua salio lipi ni la nani.

Kilichotokea ni kwamba ulichagua safu ya majina peke yake. Excel iliuliza kama ipanue hadi safu jirani, na haraka ikajibu hapana. Kwa SACCO hili ni baya kuliko mengi, kwa sababu jumla ya akiba inabaki ileile hadi shilingi ya mwisho. Mweka hazina analinganisha na benki, inakubaliana, anasaini. Wanachama ndio watakaogundua, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na kitabu chake mkononi. Wale ambao salio lao limepanda, usitegemee waje.

Geuza orodha iwe Table kwa Ctrl na T, ili mstari mzima uhame pamoja.

10. Nimeongeza wakulima chini ya orodha lakini jumla haikupanda.

Fomula inasema SUM kutoka mstari wa 2 hadi wa 85, na wewe uko wa 92. Wakati mwingine Excel huipanua yenyewe, wakati mwingine haifanyi, na huko kutotabirika ndiko kunakoumiza. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu madeni ya serikali iliyotajwa sana na mawaziri wa fedha wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walilifungua jedwali lenyewe, na miongoni mwa dosari walizozikuta, fomula ya wastani iliishia mistari mitano juu mno. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark hazikuhesabiwa.

Table iliyotajwa kwenye swali la 9 hutatua na hili, na jumla ukiiweka juu ya orodha badala ya chini utaongeza majina bila kugongana nayo.

11. Orodha ya NSSF inapishana shilingi moja au mbili na niliyojumlisha kwa kikokotoo.

Asilimia 5 ya mshahara wa 512,350 ni 25,617.5. Seli inaonyesha 25,618 lakini ndani imeshika ile nusu. Wafanyakazi watatu wa mshahara huo: Excel inasema 76,853, kikokotoo chako kinasema 76,854. Tumia ROUND, inayoifanya namba iwe shilingi kamili, ndani ya fomula yenyewe, usitegemee muundo wa kuonyesha.

12. Nikibadilisha bei ya kahawa ya leo, malipo ya wiki jana nayo yanabadilika. Ni virusi?

Hapana, fomula inafanya ulichoiambia. Bei ya kilo ya kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, uliiweka kwenye seli moja pale juu, na kila mstari unazidisha kilo kwa seli hiyo. Msimu ukichangamka na bei ikapanda mara mbili kwa siku, kila unapoandika bei mpya unaandika upya historia yote. Mkulima uliyemlipa nusu wiki jana sasa anaonekana anakudai zaidi, au pungufu, na wewe unaapa kompyuta haisemi uongo.

Bei iandikwe kama namba kwenye kila mstari, pamoja na tarehe, kilo, unyevu na makato. Inachosha zaidi kidogo. Hali ni hiyohiyo kwa kiwango cha dola kwa anayenunua mzigo wa nje, na kwa riba ya SACCO iliyobadilishwa na mkutano mkuu: seli moja ya riba itawapandishia hata waliokopa kwa masharti ya zamani.

## Watu

13. Nimeweka neno la siri. Si inatosha?

Inategemea ni lipi. La kufungulia faili, kwenye matoleo ya sasa, ni imara likiwa refu. La kuzuia watu wasibadilishe shiti ni la kuzuia vidole tu. Anayetafuta mtandaoni ataliondoa kwa dakika chache, na Microsoft yenyewe inasema halikutengenezwa kuwa ulinzi. Litumie ili keshia asifute fomula kwa bahati mbaya. Mwizi halimzuii.

14. Nikificha safu ya mishahara kisha nikatuma faili kwenye WhatsApp, kuna shida?

Kubwa. Kilichofichwa kimetumwa. Agosti 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa faili la Excel lenye shiti iliyofichwa, na majina na vituo vya askari na wafanyakazi wao wote, watu 9,483, yakawa wazi mtandaoni kwa saa kadhaa. Walitozwa faini ya pauni 750,000.

Hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na orodha ya wafanyakazi yenye NIN (namba ya kitambulisho cha taifa), simu na mshahara ni data binafsi. Nakili unachotaka kuonyesha kwenye faili jipya, au tuma PDF. Makundi ya WhatsApp ya ofisi huwa na watu walioacha kazi zamani ambao hakuna aliyekumbuka kuwaondoa.

15. Mhasibu wetu ameondoka na hakuna anayeelewa faili lake.

Usianze kulirekebisha. Tengeneza nakala, iweke kando isiguswe, kisha fuata kutoka mwisho kwenda mwanzo: seli inayotoa malipo inachukua wapi? Excel ina Trace Precedents kwenye menyu ya Formulas, inachora mishale. Ikielekea kwenye faili jingine lililoko kwenye laptopu aliyoondoka nayo, mpigie simu kwa heshima, tena mapema. Mtu akiondoka kwa ugomvi, wiki ya kwanza bado dhamiri inamsuta. Mwezi wa pili hapokei.

Anayeingia naye apewe sharti moja: shiti ya kwanza ya kila faili ieleze kwa maneno kila shiti inafanya nini na nani huijaza.

16. Karani anaweza kuiba kupitia Excel nisijue?

Anaweza, na si lazima awe fundi. Jina moja la ziada kwenye mishahara lenye namba ya simu ya shemeji yake linatosha. Kipimo cha kuuliza ni hiki: namba unazomkagulia, nani amezileta? Benki ya Allfirst ya Marekani iligundua mwaka 2002 kwamba dalali wake mmoja ameficha hasara ya dola milioni 691. Kati ya yaliyomsaidia ni kwamba bei za kupimia kazi yake zilipitia kwanza kwenye kompyuta yake mwenyewe, kwenye jedwali aliloweza kulihariri.

Kwa duka la Kampala, maana yake ni kwamba taarifa ya benki na ya mobile money ije kwako moja kwa moja, isipitie kwa yule anayejaza faili. Hili halina gharama, na linashinda programu nyingi za bei mbaya.

## Mtandao, umeme na nakala

17. Nikihamia Google Sheets, si matatizo yamekwisha?

Moja kubwa limekwisha, lile la swali la 1: inaweka historia ya mabadiliko na akaunti ya aliyebadilisha. Kwa sababu hiyo pekee naipendekeza kwa faili linalojazwa na watu wengi. Ila makosa ya 9, 10 na 12 yanahama nawe.

Angalia mambo mawili. Faili liwe kwenye akaunti ya biashara, lisikae kwenye Gmail binafsi ya karani. Na ruhusa isiwe ya "yeyote mwenye kiungo". Kuhusu mtandao, Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na waliokuwa na orodha za wadaiwa mtandaoni tu walikaa kuzikumbuka kwa kichwa. Washa matumizi ya nje ya mtandao mapema, na pakua nakala kila Ijumaa.

18. Nina nakala kwenye flashi. Inatosha?

Flashi iliyochomekwa kwenye laptopu ileile huibwa pamoja nayo, na virusi vinavyofunga mafaili huifunga pia. Weka nakala moja nje ya jengo. Jina la faili liwe na tarehe, mfano madeni-2025-04-30, badala ya "hesabu mpya ya mwisho kabisa 2", ambayo kila ofisi inayo. Mara moja kwa miezi michache fungua nakala uone kama inafunguka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, Excel huwa na nakala ya dharura ya kila dakika 10 kwa mpangilio wake wa kawaida. Zipunguze ziwe 3.

19. Office yangu ni ya kraki, fundi aliniwekea bure. Kuna ubaya?

Haipati masahihisho ya usalama kwa uhakika, na kilichoivunja huenda kilikuja na mgeni, yaani virusi. Kama faili linashika pesa za watu, LibreOffice ni ya bure na halali.

## URA, na swali la kuhama

20. URA wanakubali hesabu za Excel?

Hesabu zako za ndani, ndiyo. Ankara kwa mteja ni jambo jingine. Tangu 1 Januari 2021 aliyesajiliwa kwa VAT anatakiwa kutoa ankara au risiti kupitia EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Ankara uliyoipamba kwenye Excel, ikiwa na nembo na asilimia 18 chini, haitambuliwi na mfumo huo, na mnunuzi wako hataweza kuitumia kudai VAT yake.

Hatari isiyozungumzwa ni ya hesabu mbili zinazotembea mbalimbali: EFRIS inasema umeuza hivi, Excel inasema vile, na URA tayari wanaiona ya kwanza. Linganisha kabla ya tarehe 15, siku ya kupeleka ritani. Tena kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5, na faili moja unaloliandika juu yake kila mwezi halikuachii kumbukumbu yoyote ya mwezi uliopita. Toa PDF ya kila mwezi uliofungwa.

21. Sina pesa za programu. Nianze na nini?

Anza na faili moja tu, lile pesa zinapotoka. Tenganisha shiti ya kuandikia na shiti ya hesabu, na hiyo ya pili ifungwe. Weka seli za ukaguzi: COUNT dhidi ya COUNTA, jumla ya shiti dhidi ya taarifa ya benki, idadi ya wanachama dhidi ya rejesta. Zikikataa, ziwe nyekundu. Mtu wa pili akague kabla pesa hazijatoka, kwa kuchagua majina machache na kuyafuata hadi kwenye karatasi iliyosainiwa. Jaribu pia namba ambazo jibu lake unalijua: mkopo wa milioni 1 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, mwezi wa kwanza riba lazima iwe 20,000.

22. Ni lini hasa nihame?

Watu wawili wanapohitaji kuandika kwa wakati mmoja, au pesa za watu wengine zinapoingia. SACCO ya parishi kwenye Mpango wa Maendeleo ya Parishi hupokea milioni 100 na mkopo wa kaya ni hadi milioni 1, yaani walau wakopaji mia moja kwa mgao mmoja. Huko sijaona karani anayeweza kushika marejesho kwa Excel miaka mitatu bila kupotea. Duka la mtu mmoja linaweza kukaa kwenye Excel maisha yake yote.

Ukihamia programu ya uhasibu, iwe QuickBooks, Tally, Odoo au nyingine, endesha zote mbili sambamba walau mwezi mzima, na usipandishe salio la zamani kabla hujalithibitisha na wadaiwa wenyewe. Programu haijui kama ulichoiingizia ni kweli. Na muulize anayekuuzia: nikiacha kulipa, data yangu naipataje?

## Ya pembeni

23. Naweza kuipa akili bandia faili inikagulie?

Kwa kueleza fomula ngeni inasaidia sana, hasa kwa kisa cha swali la 15. Ipe fomula, usiipe majina, NIN na mishahara. Na jibu lake lipime kwa namba unazozijua.

24. Mdaiwa akikana deni, jedwali langu litakubalika mahakamani?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 hairuhusu kumbukumbu ikataliwe kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Uzito wake ndio suala: ilitengenezwaje, ilitunzwaje, nani angeweza kuibadilisha. Wakili wa upande wa pili atauliza hilo la mwisho kwanza, na kwa faili la kawaida jibu la kweli ni "yeyote aliyeishika laptopu". Nenda na vitu ambavyo huwezi kuvihariri wewe: taarifa ya mobile money iliyotolewa na kampuni ya simu, noti ya kupokea mzigo yenye saini ya mdaiwa, ujumbe wake akiomba muda zaidi. Jedwali liwe la kuonyesha jinsi vyote hivyo vinavyojumlishwa. Kwa madeni makubwa, kila mwezi mpe mteja salio lililochapishwa, asaini na kuweka tarehe, na nakala ikae kwenye faili la karatasi.